Kiyoyozi Kilipotulia

Haya yalimkuta rafiki yangu Isihaka, fundi wa majokofu wa Masuguru, miaka ile wawekezaji walipoanza kumiminika. Mmoja wao alimwita aende mji wa Hale apunguze kelele za kiyoyozi kwenye nyumba yake mpya ya magurudumu, kabla hajahamia.

"Fundi, kiache tu kingurume," mlinzi Metito alimwambia bila kumtazama usoni.

Huyu ana lake jambo, Isihaka akawaza. Akawa anaingia na kutoka na vifaa, kila mara akipiga hodi kwa mazoea, ingawa ndani hamna mtu. Mwishowe akakitandikia kiyoyozi vipande vya mpira wa tairi, kikanyamaza kabisa.

Akatoka kufuata koleo. Aliporudi mlangoni akapiga hodi.

"Karibu, baba," sauti ya kikongwe ikatoka ndani. "Tangu asubuhi nakuitikia."