Unyasi Ndani ya Divai ya Slovenia

Saa tano na robo, Jumamosi, Christelle, mhudumu wa mgahawa, alitoka kave, kile chumba cha chini cha divai, amebeba chupa ya meza ya sita. Hakufika. Mbele ya mlango wa jikoni chupa ilikohoa mikononi mwake, kizibo kikaruka na nta yake yote, kikampiga jicho la kushoto. Chupa ikapasuka sakafuni. Msichana akakaa chini, viganja usoni, na kilichopita katikati ya vidole vyake hakikuwa divai.

Maman Nzigire, mpishi, aliacha sambaza, vidagaa vya ziwani, ziungue. Alimfunga jicho kwa kitambaa safi, akamtafutia pikipiki ya kumpeleka hospitali, kule Gihundwe. Aliporudi alimkuta Cyusa, meneja, amechuchumaa juu ya vipande vya chupa, ameshika unyasi kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mkia wa panya.

"Madame, tazama. Nyasi za kukamulia ndizi. Hii si divai, ni urwagwa, pombe ya ndizi! Na humu ndani, ni nani kwao banakamua ndizi?"

Macho yote yalimwendea Reine. Ndiye aliyetunza divai za mgahawa, na kwao Gikundamvura walikamua ndizi kabla yeye hajazaliwa.

Madame Épiphanie, mwenye mgahawa, hakuuliza la pili. "Mwizi! Reine, weye ni mwizi! Umeuza divai yangu, ukanijazia pombe ya kwenu! Saa nane polisi banakuja kukuchukua!"

Alisema hayo mbele ya meza tisa za wateja, kwa sauti iliyoingia mpaka kwenye sufuria za Nzigire. Reine alikuwa mtoto wa marehemu dada wa Nzigire. Nzigire alihisi hasira inapanda kutoka magotini, na magoti yake, kwa umri ule, hayakuwa yakipandisha kitu kingine.

Sasa, divai zenyewe. Madame alizileta kutoka Ulaya kwa maringo: zabibu zinakamuliwa, zinaachwa zichache zenyewe, hazitiwi dawa, hazichujwi. Kila chakula na chupa yake. Sambaza za kukaanga zilipewa ile ya Slovenia, rangi ya chungwa, yenye ukungu na machicha chini. Siku ya kwanza Nzigire alipoionja alicheka mpaka akashika meza. Wazungu nao, kumbe, wanakunywa urwagwa!

Aliinama, akakitoa kizibo chini ya friji, akakitia mfukoni mwa aproni. Kisha akatia kidole kwenye unyevu uliobaki sakafuni, akalamba. Mtama wa kukaanga. Moshi wa ndizi zilizoivishwa shimoni. Pombe ya siku tatu, hata nne haijafika.

Saa sita kasoro robo alimbana Parfait, dereva aliyeleta makreti kutoka Kigali.

"Weye ndiye wa kwanza kuzishika hizi chupa."

"Maman, miye? Ninazileta zimefungwa na kamba za plastiki. Reine anazikata mwenyewe, ananitilia sinyatire yake kwenye karatasi. Na mara ya mwisho ni mwezi uliopita. Pombe ya siku tatu nimeitoa wapi, kwenye soksi?"

Nzigire akamwacha. Akamkuta Reine stoo, amekaa juu ya gunia la viazi, analia bila sauti.

"Lia baadaye. Funguo za kave ni ngapi?"

"Mbili, Tantine. Yangu na ya Meneja."

"Na weye, mwenye pua, hukusikia harufu?"

"Nilisikia! Wiki mbili sasa. Nikamwambia Meneja. Akasema divai hai inabadilika kama muntu, ninyamaze. Tangu siku ile chupa za Slovenia anafungua yeye, pale kaunta yake. Anasema navunja vizibo."

Nzigire alitoa kile kizibo, akakwangua nta kwa ukucha. Katikati kulikuwa na tundu la zamani, tundu la kizibuo, limezibwa kwa nta. Kizibo kilichokwisha kufunguliwa kimerudi kazini.

Pale kaunta palikuwa na mtungi mkubwa wa kioo, pambo la Cyusa. Vizibo vyote vilitiwa humo, na ole wake aliyegusa. Noeli mtungi ulijaa mpaka mdomoni. Leo ulikuwa nusu.

Saa saba wateja wa mwisho walikuwa kwenye kahawa. Nzigire alipanga chupa nane za Slovenia mezani, akamwita Madame, na Cyusa, Reine na Parfait.

"Madame, miye nimekamua ndizi toka sina meno. Pombe changa haifungwi, inaachwa ipumue. Reine anajua hiyo tangu utoto. Aliyeiziba kwa nta hajawahi kukaa karibu na mtungi wa pombe."

"Hayo ni maneno ya jikoni, Maman."

"Basi tuyapeleke mezani. Tuone ngapi zimeharibika. Kila muntu afungue moja, aishike karibu na uso, vile Christelle aliishika."

Parfait alichukua ya kwanza, akafumba macho. Povu likamlowesha shati, unyasi ukamkaa begani. Reine akachukua iliyokuwa karibu, bila kutazama. Povu tena. Ikabaki zamu ya Cyusa.

Cyusa aliinua chupa, akaiinamisha, akatazama kitako chake. Akaiweka. Ya pili, kitako, akaiweka. Ya tatu akaifungua taratibu. Haikutoa hata pumzi. Ikanukia maganda ya machungwa.

"Kwa nini hiyo?" Nzigire aliuliza.

"Ni ya mwaka mzuri."

"Zote ni mwaka mmoja. Miye niliishia darasa la sita, lakini namba nasoma." Akazipindua zile mbili alizozikataa, na zile mbili zilizotoa povu. Kwenye kila kitako palikuwa na nukta nyeupe, ya ile rangi ya kufutia wino. "Wengine wanasoma karatasi ya mbele. Weye unasoma matako ya chupa. Alama ni ya nini, Meneja?"

Madame alijibu badala yake, polepole. "Ni ili miye nisipewe zenye ndizi."

Nzigire akaweka kizibo mezani, tundu juu, kando ya mtungi wa kioo.

Cyusa alikitazama, kisha akacheka kwa hasira. "Ndiyo! Za kweli ziko ng'ambo, hoteli moja ya Bukavu inazinunua. Hapa batu banakunywa rangi tu! Wiki tatu banakunywa ndizi na sambaza, banafumba macho: mmm, Slovenia! Nani alilalamika?"

"Christelle," Nzigire alisema. "Kwa jicho."

Hospitali walikuwa wamepiga simu: mpaka Jumatatu ndipo watajua kama litaona.

Polisi walifika saa nane kamili, wakaondoka na mwingine. Madame alimsogelea Reine, akamgusa mkono. "Nisamehe, mwanangu," alinong'ona. "Rudi kazini."

Nzigire akasimama katikati yao na mwiko wake.

"Sijasikia."

"Maman Nzigire, nimemwomba msamaha."

"Saa tano na nusu nilikusikia mpaka ndani ya sufuria, na meza tisa zilisikia. Tatu ziko bado. Sema tena, Madame, na sauti ile ile."

Madame alizitazama zile meza. Akavuta pumzi, akafungua mdomo, na kwa sauti yake, kule jikoni vifuniko vya sufuria vikalia.