Mstari wa Bluu

Rafiki yangu ni dereva wa gari la kusambaza dawa, na mwaka jana alichoka hadi akawa anasinzia kwenye taa nyekundu. Ili bosi ampe likizo, alihitaji ushahidi wa safari zake. Akampelekea fundi kifaa cha ramani cha garini.

“Nimekifungulia kumbukumbu ya safari iliyofichwa ndani, kaka,” fundi akamwambia. “Kila kinapopita kinachora mstari. Ukienda kwa mchepuko, shauri yako!”

Siku hiyo alikiacha kwenye meza ya sebuleni, akajitupa kitandani mchana kweupe. Mkewe na watoto walikuwa wametoka. Mapazia mazito yalileta giza chumbani, na ndani ya giza hilo akasikia ndala zikiburutwa koridoni, taratibu, taratibu, hadi kando ya kitanda. Kisha kimya. Uchovu uliushinda woga, akalala.

“Umepumzika, baba watoto?” mkewe aliuliza waliporudi jioni.

Mumewe alikuwa amesimama sebuleni, amekishika kifaa, alichokikuta palepale mezani, akiukuza mstari wa bluu. Ulitoka mezani, ukapita koridoni, ukaishia upande wake wa kitanda. Haukurudi. Mshale unaoonyesha kifaa kilipo ulikuwa bado unapepesa kulekule chumbani.