Sigara ya Mjomba

Mota ilikuwa inazunguka polepole, haikufungwa kwenye kitu chochote, na mpaka hapo hakuna neno, kuzunguka ndiyo kazi yake. Neno lilikuwa kwenye mita. Mita ilionyesha umeme hauendi kwenye mota. Unatoka.

Yovana Ayaviri akaacha kutafuna mkate.

"Oya," akaiambia, "unajifanya nani wewe?"

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, saa ambayo mji mzima wa Oruro unafunga milango ukanywe supu, na chuo kinabaki na upepo na mbwa. Alikuwa amebaki peke yake kwenye ukumbi wa mashine. Ile mota ndiyo ilikuwa kazi ya muhula, yeye na mshikaji wake Grover: dude la zamani la winchi ya mgodini, kubwa kama ng'ombe aliyelala, ambalo walitakiwa waliendeshe kwa boksi la kudhibiti mwendo walilolifunga wenyewe. Wenyewe maana yake Yovana. Grover alishika tochi.

Akabadilisha mita. Mita ya pili ikasema vilevile.

Hata yule anayelala darasani anajua hili: ukiilisha mota umeme, inazunguka. Ila kitu kikiivuta kwa nje, yenyewe ndiyo inakutemea umeme. Kwenye winchi inatokea wakati wa kushusha watu. Kizimba kimejaa wachimbaji, uzito wao unavuta kamba, kamba inavuta mota, umeme unarudi juu. Kwa hiyo mita ilikuwa inasema jambo moja tu. Kuna kizimba kinashuka, na ndani yake kuna mzigo.

Lakini shafti ya mota iliishia hewani. Yovana akapitisha mkono mbele yake. Hakukuta kamba wala nini, ila hewa pale ilikuwa baridi kama shimoni, na ikamjia harufu ya maji ya mgodini, ile chachu ya mawe yaliyooza, harufu aliyokuwa anafua kwenye nguo za baba yake tangu akiwa mdogo.

Halafu, ndani ya tumbo la mota, kengele ikalia. Ting. Ting.

Baba alimfundisha ishara za kengele ya mgodini akiwa bado hajui kusoma. Moja, simama. Mbili, shusha.

Yovana akachomoa waya. Mota ikaendelea kuzunguka.

Mlango ukafunguka, akaingia Grover Colque, midomo ya bluu, buti zake zimejaa tope la njano. Nje kulikuwa kukavu, vumbi tupu.

"Vana," akasema, "nina baridi kweli. Sijui nimetoka wapi."

Mota ikasimama.

*

Yovana hakuhitaji kuuliza. Alijua ilipoanzia.

Jumanne ya Karnivali kila mtu anamwagia chake: nyumba, teksi, kibanda cha nyama, kompyuta. Unatundika karatasi za rangi, unamwaga bia kwenye pembe nne, Mama Dunia anakunywa, mwaka unakwenda vizuri. Ukumbi wa mashine nao ulimwagiwa. Grover alikuja moja kwa moja kutoka kwenye ngoma ya mashetani, amelewa, bado amevaa koti la shetani na pembe kazishika kwapani. Akaiona ile mota imeletwa juzijuzi kutoka mgodi uliofungwa. Pembeni ina kiboksi cha kuingizia waya, mfuniko wake ulishapotea, kimebaki wazi kama mdomo. Grover akawasha sigara akaichomeka pale, kama wachimbaji wanavyomchomekea Mjomba, lile jini la mgodini lenye sanamu ya udongo kila shimo.

"Mjomba!" akapiga kelele. "Tupitishe somo la Mashine, mimi na Vana, halafu chukua unachotaka!"

Watu wakacheka. Yovana naye akacheka, na hicho ndicho kilichomuuma baadaye, kwa sababu mtoto wa mgodini anajua. Mjomba ni wa chini na ni wa Ijumaa. Humwiti juu ya ardhi, kwenye siku ya Mama, kwenye karamu ya Mama. Na humwambii kiumbe yeyote mwenye njaa achukue anachotaka.

Sigara iliungua yote. Hakuna aliyeivuta, lakini kile kichwa chake kilikuwa kinawaka kinafifia, kinawaka kinafifia, kama kuna mapafu upande wa pili.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, darasa zima lilizama. Injinia Villca, mwalimu wa Mashine, hakuwa mtu wa kuhurumia mtu. Wawili tu walipata tisini na nane: Yovana, aliyeacha swali zima bila jibu, na Grover, ambaye ukimwambia akuonyeshe rota, moyo wa mota unaozunguka, anakuonyesha feni.

"Mimi ni jiniasi, mwanangu," Grover akasema siku ile. "Nilikuwa najificha tu."

Sasa jiniasi alikuwa ameketi sakafuni ukumbini, anatetemeka, anakohoa, na alichotema kwenye leso kilikuwa vumbi la kijivu.

"Tangu lini?" Yovana akauliza.

"Wiki hivi. Saa ya chakula nasikia kengele, basi miguu inakuja yenyewe." Akashusha sauti. "Vana, nikifumba macho naona ukuta unapanda. Unaelewa? Ukuta unapanda mbele ya uso wangu. Maana yake mimi ndo nashuka."

*

Mama Eduviges alikuwa na kibanda kwenye mtaa wa waganga, kati ya mafungu ya majani makavu na vijusi vya mnyama llama vya kutambikia. Alimwangalia Grover mara moja tu, akanusa kola ya shati lake.

"Sigara iliisha?"

"Iliisha, mama," Yovana akajibu.

"Yote?"

"Mpaka kwenye kichungi."

"Basi kakubali." Akatafuna majani yake ya koka kidogo. "Nani mjinga aliyemwambia chukua unachotaka?"

Grover akainua kidole kama yuko darasani.

"Uso unaonyesha," mama akasema. "Kawapa nini?"

"Maksi."

Mama akacheka mpaka koka ikataka kumtoka. "Watu wanamwomba madini, nyie mmeomba maksi! Haya. Kitu chake mrudishieni mbele yake, kwa mdomo wa aliyeomba. Kesho Ijumaa, saa ileile, maana naye anakula mchana. Mimi nitamnywesha. Lakini akishajua mnarudisha atamvuta huyu kwa nguvu, na mtu ashike kamba asishuke. Mimi kamba hiyo siiwezi."

"Mimi naiweza," Yovana akasema.

Walipofika barabarani Grover akasimama.

"Vana, hii ni mara yangu ya tatu kusoma Mashine."

Yovana akaelewa. Ukianguka ya tatu, unaondolewa kitivoni, hakuna rufaa.

"Bibi kashawaambia soko zima mjukuu wake ni injinia," Grover akasema. "Kaninunulia suti ya mahafali. Labda tusubiri. Labda anachukua mguu tu, au kitu."

Yovana akampiga kofi, palepale, mbele ya muuza uji wa api.

"Umesikia mwenyewe kikohozi chako? Suti hiyo watakuzikia!"

"Bora nizikwe injinia!"

"Utazikwa fala! Fala wa tisini na nane!"

Muuza api akawapa vikombe viwili vya uji wake wa zambarau bila kuombwa, na kuwaambia wakagombane mbele kule.

*

Injinia Villca walimkuta anafunga ofisi. Yovana alimweleza yote, akitegemea atawafukuza. Badala yake mzee alivua miwani, akajifuta uso.

"Unataka nikufutie tisini na nane. Wewe na huyu."

"Ndiyo, Injinia."

"Huyu nilitaka kumpa kumi na mbili," Villca akasema taratibu. "Mkono ukaandika kitu kingine. Nikafuta, ukaandika tena. Nimefundisha mota maisha yangu yote, binti, sijawahi kumwambia mtu jambo hilo." Akaweka miwani. "Kesho nakuja na kalamu."

*

Ijumaa mchana chuo kikanyamaza. Mama Eduviges akaketi mbele ya mota na chupa ya pombe kali, akawasha uvumba. Injinia akasimama na karatasi za mtihani. Grover wakamkalisha kwenye kiti katikati, blanketi mabegani. Yovana akaunganisha waya, akashika boksi, akaamuru mota kitu kimoja: panda.

"Mjomba," Mama Eduviges akaita kwa sauti ya chini, "kunywa. Vijana wamekuja kurudisha."

Ting. Ting.

Mita ikaanguka upande wa pili.

Mota ilinguruma, shafti ikasita, ikasimama, kisha ikaanza kurudi nyuma dhidi ya amri, taratibu, kama mtu anayevutwa mkono, na Grover akashika kiti kwa mikono miwili, akapiga ukelele mdogo wa mtu ambaye sakafu imemwondoka. Yovana akaongeza nguvu. Umeme ukaanza kumiminika ndani ya boksi kutoka upande ambako hakuna waya wala mtambo wala mungu, na boksi likaumwaga kwenye rezista za breki, zile koili zilizopangwa ukutani kwa ajili ya kuchoma nguvu ya kushuka, na koili zikawa za joto, zikawa nyekundu, zikawa za rangi ya chungwa, vumbi lililokuwa juu yake likashika moto, na harufu ya shimo ikajaa ukumbini mpaka taa zikaonekana kama ziko nyuma ya maji, na Yovana alijua kama anavyojua jina lake kwamba koili zile zikikatika boksi litazima, na boksi likizima hakuna kitakachomshika Grover, atakwenda moja kwa moja mpaka huko chini anakosubiriwa.

"Sema!" akapiga kelele. "Grover, sema!"

"Bibi yangu..."

"Sema, mbwa wewe, naungua hapa!"

Uso wa Grover ulikuwa wa kijivu kama jiwe, na kutoka kwenye mdomo wake ilitoka sauti ambayo si yake, nzito, ya upole kabisa, ya mtu mzima anayembembeleza mtoto.

"Mpwa wangu," ikasema, "muache ashuke. Wewe nitakupa mia. Nitakupa mgodi."

Yovana akahisi kidole chake kinataka kulegea, na akahisi, kwa aibu, kwamba kuna sehemu yake ndogo imesikia ile mia. Akasogea mpaka magoti yakagusa chuma, akauinamia ule mdomo wa kiboksi, akautemea mate.

"Baba yangu alikupa sigara maisha yake yote na ukamtoa mapafu! Sina deni na wewe. Na huyu simwachii!"

"Sitaki!" Grover akalia, safari hii kwa sauti yake mwenyewe, iliyokatika. "Mjomba, chukua maksi zako! Nipe kumi na mbili yangu! Nataka kumi na mbili yangu!"

Injinia Villca akaweka kalamu kwenye karatasi. Mkono wa kulia ukagoma, ukakaza kama umefungwa banzi. Mzee akatukana tusi ambalo wanafunzi hawakujua kama analijua, akahamishia kalamu mkono wa kushoto, akakata zote mbili kwa mistari mibaya ya mtoto wa chekechea.

Koili moja ikapasuka.

Shafti ikashtuka. Halafu ikageuka, polepole, ikaanza kupanda. Mita ikarudi upande wa watu. Grover akainama akatapika maji ya njano sakafuni, mengi, mengi kuliko tumbo la mtu, na alipomaliza akavuta pumzi ndefu, akasema, "Vana, una mkate?"

*

Walimwondoa kitivoni. Bibi yake alilia siku nzima, kisha akaiuza suti na kwa hela ile akamkodishia kibanda karibu na reli, na Grover akaanza kusuka koili za mota zilizoungua. Rota sasa anaijua. Yovana alirudia mtihani Julai, vidole vimeganda kwa baridi, akapata hamsini na moja, alama ya mwisho kabisa ya kupita.

"Shikamoo, Injinia Hamsini na Moja," Grover humsalimia kila akipita.

"Marahaba, Kumi na Mbili."

Siku ya kuonyesha mota mbele ya waalimu Yovana alitangulia ukumbini saa ya chakula, apange vitu. Waya ulikuwa umechomolewa, umekunjwa kama alivyouacha. Kufuli la mlango alilifungua yeye mwenyewe.

Kwenye mdomo wa mota kulikuwa na sigara.

Mpya, imeungua nusu. Kichwa chake kinawaka, kinafifia.

Yovana alisimama akaiangalia. Miguu ilitaka mlango, akaikatalia. Akaenda, akaishika ile sigara aichomoe, na ilikaza kidogo kabla ya kutoka, kama iliyoshikwa na midomo. Akaizima kwenye ubavu wa mota, akaisaga kwa kisigino mpaka ikawa unga.

"Mimi si mpwa wako," akasema.

Akachomeka waya, akawasha boksi, akaamuru panda. Mota ikatii. Mita ikakaa upande wake. Nje alisikia waalimu wanakuja, wanacheka, wamekula.

Na ndani ya tumbo la mota, kwa mbali sana, kama kutoka chini ya mji, kengele ikalia mara moja tu. Ting.

Moja, simama.

"Sisimami," Yovana akasema, akaongeza mwendo.