Taa ya Evodia

"Ameshachukuliwa. Narudia, mhandisi ameshachukuliwa."

Audax Karugendo wa Usalama aliisikia redio ya gari, akakanyaga mafuta. Land Cruiser ikapanda kilima cha Nshamba huku jua likizama.

Mhandisi Evodia Kokubanza alikuwa ameunda diodi ya mwanga isiyo na mfano. Ndogo kama punje ya ulezi, ikiwashwa inamulika kijiji. Alipoijaribu kwake mjini, Nshambya, senene, wale panzi watamu wanaofuata mwanga, walishukia bati mpaka majirani wakavunja uzio kuwaokota. Audax, mlinzi wake, alikula senene wiki nzima.

Sasa diodi ilikuwa mikononi mwa wageni wawili wenye bastola, na boti yao inangoja ziwani. Wakishahakikisha inawaka, Evodia hatakuwa na kazi kwao tena.

Simu ya Evodia imezimwa. Droni haikuona kitu ila ukungu na migomba.

"Kagera Mbili, umempoteza?" Mkuu aliuliza redioni.

"Bado."

Uongo. Alimwahidi mama yake Evodia kwamba atamrudisha, na sasa aliogopa.

Kitu kikagonga kioo cha gari.

Senene.

Wa pili. Kisha kundi zima, wote wakielekea nyuma ya mibuni.

Akina mama wakatoka majumbani mbio, ndoo mikononi. Senene wakishuka, Mhaya gani atabaki ndani?

"Waitu mama, wanashukia wapi?" Audax alimsihi mmoja kwa Kihaya.

"Nyumba ya marehemu Privatus! Nipishe, baba, nitakuta wameisha!"

Audax aliomba ndoo moja, akatumbukiza bastola yake ya Beretta ndani, akakimbia na umati.

Dirisha lilikuwa wazi, taa inawaka, ukuta mzima umegeuka kijani. Wageni walikuwa uani wakifukuza watu, na hakuna aliyewasikiliza. Mmoja akainua bastola. Senene wakamvaa usoni. Audax akamtwanga kisogoni. Wa pili aliona mdomo wa Beretta ukitoka kwenye ndoo, akapiga magoti; Audax akawafunga wote pingu.

Evodia alikuwa amefungwa kitini. Mzima.

"Walinilazimisha niiwashe," alisema. "Nikawaambia bila kufungua dirisha itaungua."

"Kweli huungua?"

"Wapi!"

Akacheka, kisha akalia. Audax alimkata kamba, akapiga namba ya mama yake, akamwachia simu.

"Kagera Mbili, umempataje?"

"Nilifuata ndoo, Mkuu."

Akachota senene ndoo ikajaa, akamrudishia mwenye ndoo, akatembea taratibu kuelekea gari, akijikung'uta senene kwenye kola.