Lango la Ngozi

Ukutani mwa chumba cha maangalizi mistari mia nne na kumi na miwili ya kijani ilikuwa ikitambaa kutoka kushoto kwenda kulia, na kila mstari ulikuwa mtu. Dk. Raya Shaame alipenda kuitazama huku akinywa chai yake ya asubuhi. Mstari ulionyooka maana yake dawa inapita ngozini kwa kiasi kilichopangwa, na mahali fulani kisiwani Pemba kuna mgonjwa wa siko seli anayefua nguo zake, anayesomesha darasa, anayegombana na mumewe kama watu wazima wengine.

Dawa yenyewe ilikuwa jeuri. Iliweza kuzuia chembe za damu zisijikunje na kuziba mishipa, lakini kuyeyuka majini haikutaka kabisa. Ukiimeza, inapita tumboni kama mchanga na kutoka vilevile ilivyoingia. Ukiidunga, inaganda mshipani. Ilikaa kabatini miaka thelathini, wataalamu wote wakijua inasaidia na hakuna aliyejua pa kuipitisha. Raya ndiye aliyekuja na kiraka-lango, kitambaa chembamba cha ukubwa wa kiganja kinachobandikwa mgongoni. Ndani yake mna vibebadawa, vitone vya mafuta visivyoonekana kwa jicho, kila kimoja kimeificha dawa tumboni mwake. Ngozi ya mtu hukataa maji, ila mafuta inayajua. Basi kiraka hulegeza lango lake kidogo tu, vibebadawa vikapenya kimoja kimoja, na akili unde iitwayo Mwangalizi ikahesabu. Kiraka kimoja hubeba dawa ya mwezi mzima.

Ya mwezi mzima, ndiyo. Ikiingia yote kwa mkupuo hulaza misuli ya kupumulia. Raya alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana alikiwekea kiraka kufuli tatu.

Asubuhi ile ya kipupwe, mstari wa mia mbili na sita ukainuka wima.

"Mwangalizi, nani huyo?"

"Hidaya Kombo. Miaka kumi na tisa. Anaishi na mama yake, Gombani. Dawa ya siku tisa imepita kwa dakika kumi na nne."

"Funga kiraka!"

"Nimefunga kufuli zote tatu. Dawa bado inapita."

Raya aliiacha chai mezani. Kirukio cha dharura kilimpitisha juu ya vilima vya Chake Chake, ambako roboti wachumaji walikuwa wamejazana kwenye mikarafuu, na hakuwaona. Alikuwa akipiga hesabu kichwani. Kitu gani duniani kinaweza kushinda kufuli tatu?

Mlango ulifunguliwa na mama, Bi Mize, mwanamke mnene mwenye uso mkunjufu, kanga yake kaifunga kifuani na mikono imekunjuliwa mbali na nguo kama ya mtu aliyekuwa akikanda unga.

"Karibu, daktari. Mbona mbiombio? Taratibu, mgonjwa kalala. Baridi ilimkamata magoti na mgongo tangu alfajiri, akawa analia. Sasa katulia. Kapata usingizi mzuri."

Harufu ikamfika Raya kabla hajavuka kizingiti, harufu kali ya karafuu inayowasha pua. Yalikuwa mafuta ya makonyo, yanayotolewa kwa mvuke kutoka vikonyo vya karafuu. Tangu roboti waanze kuchuma, mafuta hayo yamekuwa mengi kuliko maji ya mfereji, na hakuna nyumba isiyo na dumu lake jikoni. Raya mwenyewe alichuliwa kwa mafuta hayo na bibi yake kila kipupwe, mpaka alipokwenda chuo.

Hidaya alikuwa kalala kifudifudi, mgongo unang'aa. Kiraka kilikuwa kimelowa chepechepe. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya zambarau.

Raya alikibandua kiraka, akafuta mgongo kwa sabuni, akamgeuza. Roboti wa uokozi aliingia nyuma yake akamfunga msichana pafu-bandia, na mashine ikaanza kumpumulia. Kifua kikapanda na kushuka, kikapanda na kushuka. Raya alikandamiza moyo kwa mikono miwili hadi jasho likamdondoka puani. Bi Mize alisimama pembeni akirudia neno moja tu, "Kalala, kalala," na sauti yake ikizidi kuwa ndogo.

"Moyo umesimama kwa dakika ishirini na tano," alisema roboti. "Nashauri tuache."

Raya akaiondoa mikono kifuani. Bi Mize alimshika mkono wa koti. "Kafanya nini mwanangu? Alikuwa hajambo. Mie nilikuwa naye hapa hapa. Niambie kafanya nini."

Raya alifungua kinywa, na Mwangalizi akamwahi sikioni.

"Daktari, mistari mingine saba inapanda. Leo ni siku ya baridi kuliko zote tangu tuanze."

Hapo akaelewa yote, na akatamani asingeelewa. Majaribio yalifanywa miezi ya joto, wodini, wagonjwa wakiogeshwa na roboti. Kisha familia zikapewa fomu yenye swali lililotungwa na Raya mwenyewe: je, mgonjwa anapaka kipodozi au dawa yoyote ya ngozi? Kaya zote zilijibu hapana, na hakuna iliyosema uongo. Kwa watu wa hapa kuchua si kipodozi wala dawa. Mwana akiumwa na viungo, mama anamchua, basi. Hakuna anayekwenda kulisema hospitalini. Raya alizaliwa ndani ya jambo hilo, akalelewa nalo, na siku alipokaa kuandika fomu halikumpitia hata akilini. Mafuta ya makonyo yanavunja lango la ngozi lote, na vibebadawa vinayeyuka humo vikamiminika kwa pamoja.

"Tahadhari ya kifo lazima itamkwe na daktari," Mwangalizi alisema. "Njia iko wazi kwenye visemezi vya nyumba zote. Mstari mmoja umefika dawa ya siku sita."

Kisemezi cha nyumba hii kilikuwa ukutani, juu ya kitanda. Bi Mize hakuwa ameuachia mkono wa koti. Kumwandaa kwanza kungechukua dakika, na dakika hizo zilikuwa za watoto wa watu. Raya alimtazama usoni akaanza kusema, na sauti yake ikatoka kinywani na ukutani kwa pamoja.

"Mimi ni Daktari Raya Shaame. Aliyebandikwa kiraka-lango asichuliwe kwa mafuta yoyote, ya makonyo wala ya nazi. Kama ameshachuliwa, mbandueni kiraka sasa hivi, mwosheni mgongo kwa sabuni, iteni uokozi. Mafuta yanaingiza dawa yote mwilini kwa mara moja. Yanaua. Nawaomba msingoje."

Mkono wa Bi Mize ulikuwa umeshaliachia koti.

"Kwa hivyo ni mie," alisema Bi Mize.

"Si wewe, Bi Mize. Ni mimi. Mimi sikukuuliza."

"Ungeniuliza ningekwambia." Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. "Namchua tangu ana miezi minane. Nikadhani nikipaka mengi pale pale kwenye kiraka, dawa yenu itaingia vizuri zaidi."

Majirani walianza kuingia, mmoja na ndoo, mwingine na shuka jeupe. Bi Mize alikwenda kwenye beseni akasugua mikono kwa sabuni, akainusa, akasugua tena. Alitaka kumkosha mwanawe mwenyewe, alisema, lakini si kwa mikono inayonuka hivi. Raya alikuwa akilia waziwazi, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Safari hii Mwangalizi alisema kupitia ukuta, kwa kuwa njia ilikuwa bado wazi.

"Daktari, mistari mitano imeshuka. Miwili imekatika."

Bi Mize aligeuka, povu likimdondoka viwikoni. "Imekatika ndiyo nini?"

"Wamekufa," alisema Raya.

"Na mama zao wameshaambiwa?"

"Bado."

Bi Mize aliligeukia beseni. Hakumtazama tena.

"Basi nenda. Kawaambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Wasiambiwe na ukuta kama mie."

Raya alitoka uani. Kirukio kilikuwa kinamngoja, mlango wazi.

"Wa kwanza yuko wapi?" aliuliza.

"Konde," Mwangalizi alijibu. "Mtoto wa miaka sita. Mama yake anapiga simu sasa hivi. Anauliza mbona haamki mwanawe."