Kiapo cha Muuza Katuni

Siku yenyewe ilianza vizuri. Mvua za masika zilikuwa zimeingia, mifereji ya Mji Mkongwe inapiga kelele, na Ayoub alikuwa amepiga goti ukumbini akimfunga mwanawe Nusrat vifungo vya sare ya skuli. Mtoto wa miaka saba huyo, mdomo haufungi. Njia nzima chini ya mwavuli alimuuliza baba yake kwa nini paka hawavai makubadhi. Ayoub akajibu, akaulizwa tena, akajibu tena, mpaka mlangoni mwa skuli. Kisha akenda zake kufungua duka.

Duka lake lilikuwa katika kichochoro nyuma ya maduka ya vinyago, jembamba hata ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Akiuza vitabu vya katuni vya zamani. Ndiyo, hivyo hivyo mlivyosoma utotoni mkavichana, na mama zenu wakafungia njugu. Alipoanza watu walimcheka. Wakaacha kucheka walipoona watu wazima na akili zao wanatoka mbali kuja kugombania kijitabu kimoja, kwa sababu kilichosalimika na mchwa na watoto ni kichache mno. Na Ayoub alijua kazi, hilo sitamnyima. Akikilaza kitabu mezani, akikimulika tochi kwa ubavu ili mikunjo ijitokeze, akikinusa kama kina unyevu, akitazama pini za mgongoni kama zimeshika kutu, kisha ndipo akikipa daraja. La kumi ndilo la juu kabisa, kitabu ambacho hata hakijapata kufunguliwa. Kila mkunjo, kila doa, kila alama ya kidole inakishusha.

Lakini alikuwa na tabia moja. Akinunua, kitabu kibovu. Akiuza, kitabu kipya. Hapo mtaniambia wafanyabiashara wote ndio walivyo, na mimi sibishani nanyi. Kilichomponza ni kuapa. Ayoub alimwogopa Mungu kweli kweli, sala tano hazimpiti, na kwa hiyo hakuthubutu kuapa kwa Mungu juu ya uongo. Aliapa kwa mwanawe. Haki ya mwanangu, akisema, na mkono kauweka kifuani. Aliona hilo jepesi, maneno ya dukani tu. Mkewe Mayasa alishamkataza tena na tena, akimwambia mtoto si kitu cha kuapiwa, na Ayoub akicheka.

Kabla ya adhuhuri aliingia mama mmoja mtu mzima, buibui limerowa, amekumbatia kifurushi cha kanga. Ayoub alimwamkia shikamoo, akampisha kwenye kiti. Aliitwa Bi Mize, mtu wa Tumbatu aliyeolewa zamani Ng'ambo na huko ndiko alikobaki. Akaifungua kanga polepole, na ndani mlikuwa na kitabu cha katuni.

Ayoub alikitambua pale pale. Kilikuwa *Pweza wa Malindi*, toleo la kwanza, kitabu alichokisikia kwa wakusanyaji wenzake miaka yote bila ya kukiona. Wekundu wa jalada ulikuwa mbichi, pini zinang'ara. Kasoro zake mbili tu: tone la chai kwenye ukurasa wa mwisho, na nyuma alama ya dole gumba, dogo, la mtoto. Bi Mize alieleza kwamba kilikuwa cha mwanawe Borafya, ambaye alikufa mdogo. Akikisoma kila jioni na kikombe chake cha chai. Asingekiuza abadani, lakini paa lake linavuja na masika ndiyo kwanza yameanza.

Daraja la nane, Ayoub alijua, pengine na zaidi. Akavuta sura ya masikitiko.

"Kibovu, Bi Mize," alisema. "Kishapiga madoa. Mgongo umelegea, haushiki tena. Rangi imepauka. Na karatasi zimekauka hizi. Haki ya mwanangu Nusrat, kabla masika haya hayajaisha kitakuwa unga."

Bi Mize alimtazama. "Umeapa kwa mwanao?"

"Nimeapa."

"Basi nimekubali. Kilivyo ni hivyo ulivyosema."

Akapokea kidogo alichopewa, akakunja kanga yake tupu, akatoka. Alasiri ile ile Ayoub alikipeleka kitabu Fumba, kwa Hitesh, mkusanyaji anayeishi kwenye zile nyumba mpya, akamwambia kwamba hajaona kizuri mfano wake. Alirudi nyumbani na mfuko wa zabibu kwa ajili ya Nusrat, anapiga mluzi.

Madoa yalianzia shingoni. Mayasa ndiye aliyeyaona, akimwogesha mtoto: vidoa vya kahawia, vidogo, vimejipanga ukingoni mwa nywele. Wakadhani ni harara, wakampaka poda. Kesho yake Nusrat alishindwa kukaa wima. Akiegemezwa mto anateleza, akikalishwa anainama mbele, na akiulizwa kinachomuuma anasema haumwi. Hospitali walimpima damu, wakampiga picha, wakasema hawaoni kitu. Wakarudi naye. Kisha midomo ikapauka, kisha kucha, kisha hata weusi wa nywele zake ukaanza kwenda. Na chumbani mwake mkaingia harufu. Mayasa alifukiza ubani, akafukiza udi, akafua mashuka yote ya nyumba. Harufu haikuondoka. Ayoub alihisi anaijua, ila haikumjia anaijulia wapi.

Ilimjia siku moja mwishoni mwa masika, alipomulika tochi. Umeme ulikuwa umekatika na madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua, na yeye alitaka kuyatazama yale madoa. Kwa mazoea ya mkono, akaishika tochi kwa ubavu.

Mstari ukajitokeza mgongoni mwa mtoto. Umenyooka. Kutoka begani mpaka kiunoni. Ngozi ya mtu haikunjiki namna ile.

Akainama, akanusa. Karatasi ya zamani.

Madoa. Mgongo. Rangi. Aliyataja moyoni kwa mpango ule ule alioyasema dukani, na alipofika kwenye neno la nne akapitisha kiganja chake juu ya mkono wa Nusrat. Ulikuwa mkavu. Ulitoa mchakacho. Alipokigeuza kiganja, kilikuwa na vumbi jeupe.

"Baba," mtoto alinong'ona, "usinishike kwa nguvu."

Ayoub alikaa chini, pale pale sakafuni. Kabla masika haya hayajaisha kitakuwa unga. Kasema mwenyewe, kwa mdomo wake, na mtoto kamtaja kwa jina. Mji mzima ulikuwa umechoka na mvua, watu wanaomba jua lirudi waanike nguo zao. Yeye alitoka barazani akaomba mawingu yasipungue. Akarudi ndani, akamweleza mkewe kila kitu huku analia kama mtoto mdogo. Mayasa hakumpigia kelele. Laiti angempigia.

"Kakirudishe kwa mwenyewe," alisema tu.

Alikodi bodaboda mpaka Fumba. Njiani alijipanga maneno: angemwomba Hitesh, angemshika miguu, angempa duka zima na kila kilichomo akitaka. Hakuhitaji hata moja. Mlango ulifunguliwa kabla hajagonga. Kitabu kilikuwa kimeshafungwa ndani ya taulo, kimewekwa juu ya kiti karibu na mlango, na Hitesh alikionyesha kwa kidole bila ya kukisogelea. Macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. Alisema kwamba kila asubuhi mfuko wa plastiki wa kitabu kile huwa na mvuke kwa ndani. Alikuwa hajakifungua, na hakitaki, na malipo yake pia hayataki.

"Kina homa, Ayoub," alinong'ona. "Kishike uone."

Ayoub alikishika. Kilikuwa cha moto.

Alikitia ndani ya shati, kikamkaa tumboni, na pikipiki ikarudi mbio mjini. Walipofika usawa wa uwanja wa ndege mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Upande wa bahari mawingu yalishaanza kupasuka, samawati inaonekana. Akamwambia dereva aende, aende tu.

Bi Mize alikuwa ndani, kando ya ndoo iliyokinga matone ya paani. Ayoub aliingia na viatu, akapiga magoti kwenye jamvi. Akakiri yote. Akamwomba, kwa Mungu safari hii, aiondoe dua mbaya aliyomsomea mwanawe.

Yule mama alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yamemlenga. "Sikusoma kitu, mwanangu. Nimezika wangu, nimtakie mwenzangu? Wewe uliapa, mimi nikakubali, basi." Kisha akateremsha sauti, akatazama pembe ya chumba ambayo haikuwa na kitu. "Yuko aliyesikia."

Ndoo ikapokea tone. Tone jengine likakawia.

"Kiseme kilivyo," Bi Mize alisema. "Usipunguze, usizidishe. Kilivyo."

Ayoub alimpigia Mayasa, akaiweka simu juu ya jamvi, sauti wazi. Akakitoa kitabu kwenye taulo. 

"Madoa niliyoyasema hayamo," alisema.

 Sauti ya Mayasa ikaja, ndogo. "Yanaondoka. Ayoub, yanaondoka."

"Mgongo wake umeshika."

"Kakaa. Kakaa mwenyewe."

"Rangi yake ni ile ile ya mwanzo. Haikupauka."

Mayasa alikuwa analia sasa, hakisikiki anachosema. Ayoub akavuta pumzi. Limebaki neno la karatasi, kisha tone la chai, kisha dole gumba. Alikuwa anayajua. Alikuwa anayaona. Angeyasema, mambo yangekwisha.

Juu ya bati kukanyamaza.

Mvua imekatika. Jua liliingia dirishani likalala juu ya jamvi, na kwenye simu Mayasa akapiga ukelele, "Mkono wake, Ayoub, vidole vyake," kisha simu ikakwaruza na sauti ikapotea.

Hapo akili ilimruka. Ulimi ukashika njia yake ya siku zote, ile ya mtu anayeogopa mteja asimtoke.

"Kipya hiki," alisema, mbio mbio. "Karatasi zake mpya. Hakina kasoro yoyote. Hakijapata kufunguliwa, hakijaguswa na mkono wa mtu. Daraja la kumi. Haki ya mwanangu."

Bi Mize alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Taratibu akakichukua kitabu, akakigeuza nyuma. Jalada lilikuwa jeupe tupu. Alipapasa mahali lilipokuwa dole gumba la Borafya, akapapasa tena, akakisogeza kwenye jua.

"Na mwanangu mimi?" aliuliza.

Ayoub alikuwa ameshasimama. Simu ilikuwa imerudi, na Mayasa anacheka na kulia pamoja, anasema mzima, mzima kabisa, mwili wote, njoo. Alitoka mbio. Barabara nzima ya Ng'ambo watu walikuwa wanatundika nguo kwenye kamba, wanaitana kwa furaha ya jua, na yeye anawapita katikati anasema alhamdulillahi kwa sauti.

Nusrat alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Nywele nyeusi, mashavu yamejaa, mgongo umenyooka. Mayasa alikuwa amesimama ukutani. Hakuwa anacheka tena.

"Mtazame goti," alisema.

Kovu la mwaka jana, alipoanguka ngazini, halikuwepo. Alama ya chanjo begani haikuwepo. Ayoub alimfunua nywele pembeni mwa uso. Ndewe za masikio zilikuwa nzima, hazina tundu. Vipuli vyake vya dhahabu vilikuwa juu ya shuka, vimefungwa vile vile, kama vilivyokuwa masikioni.

Akapiga goti mbele yake. "Nusrat. Baba nimekuja."

Mtoto alimtazama kwa adabu zote.

"Shikamoo, ami," alisema. "Mama yangu yuko wapi?"

Mayasa alikuwa karibu naye, angenyoosha mkono angemgusa. Akatoa sauti ambayo Ayoub hajapata kuisikia kwa mtu, akamvamia mtoto, akamkumbatia, akamshika mkono kwa nguvu zake zote. Nusrat hakumsukuma. Alikaa kimya, ametulia, kama mtoto wa watu aliyekuja kutembea na ameambiwa asisumbue.

Wamemfundisha. Jina lake, njia ya skuli, nani ni nani. Ameshika yote, na sasa anawaita Baba na Mama kwa sababu ameambiwa awaite hivyo. Bi Mize alikuja mara moja, akakaa naye sana, akaenda zake. Duka Ayoub amelifunga. Na mwanawe hamgusi, hata kumpa kikombe anakiweka mezani.

Maana siku ile Mayasa alipomwachia, kwenye mkono wa mtoto palibaki vidole vitano. Haukuwa wekundu wa kubanwa. Alama za vidole, kila mstari unaonekana. Wamemwosha kwa sabuni, wamemsugua kwa ndimu na majivu, zipo mpaka leo. Mayasa akitaka kumvusha njia, au kumpakata kidogo jioni, huviweka vidole vyake pale pale, kimoja kimoja, juu ya alama zile zile.