Sauti Iliyozama

Philippe alikutwa ofisini mwa studio yake ya muziki, mtaa wa Kabondo, Kisangani, tundu la risasi kisogoni. Bastola yake mwenyewe ilikuwa sakafuni, imefutwa alama za vidole.

Wanajeshi hawakungoja uchunguzi. Walimkuta Mumbere, mfanyabiashara kutoka Butembo, amesimama kando ya maiti, wakamtia pingu. Lori lingemchukua jioni. Mwaka ule wa vita, aliyepakiwa kwenye lori hilo hakurudi. Inspekta Josée alilijua hilo, na jua lilikuwa limeanza kuinama.

Alimwita Clovis, fundi wa sauti.

"Mara ya mwisho ulimwona Philippe lini?"

"Tulipomaliza kurekodi, mama inspekta. Mwimbaji wetu, Sophie, alitangulia. Mimi nikaagana na Papa Philippe, mzima kabisa. Mumbere akaingia nyuma yangu."

"Nichezee huo wimbo."

Kompyuta ilinguruma. Sophie aliimba chini chini, kama anayebembeleza mtoto. Katikati ya ubeti pakawa na kimya kifupi. Kisha sauti yake ikarudi kutoka mbali, imezama, ikapanda polepole mpaka ikafika pale ilipokuwa.

"Hapo amefanya nini?"

"Alichoka."

"Na programu hii kwenye kioo?"

Uso wa Clovis ulichangamka. "Kibana sauti. Niliitunga mwenyewe! Sauti ikizidi ukali, inaibana. Ukali ukiisha, inaachia. Za wengine zinaachia haraka, muziki unakwaruza. Yangu inaachia taratibu. Safi, donc."

"Inabana wakati wa kurekodi?"

"Palepale."

"Sophie alikuwa anaimba chini chini. Basi, ilibana nini?"

Clovis aliuzima wimbo.

"Nimezungumza naye," Josée alisema. "Alisikia mlio. Ukamwambia ni askari wa barabarani. Akanicheka: 'Mama, Kisangani hii, nani anaacha kuimba kwa sababu ya mlio?'"

"Bon, ni kweli. Barabarani walipiga."

"Risasi ya barabarani ingefika humu imechoka. Hii ilipigwa ofisini, nyuma ya ukuta huu wa mbao. Mlio wenyewe umeukata kwenye rekodi, Clovis. Lakini kwa ukali wake mashine yako ilikuwa imeshambana Sophie, ikawa bado inamwachia taratibu. Na wewe mwenyewe umesema Mumbere alikuja baada ya kurekodi."

Clovis alitazama dirisha. Lilikuwa na nondo.

"Nilimpiga mimi."

Josée alimgeukia askari mlangoni. "Emile, kimbia. Mumbere afunguliwe kabla ya lori!" Kisha akamrudia Clovis. "Kwa nini?"

"Nilipata kibali cha kupanda ndege uwanja wa Simi-Simi. Mto umefungwa, barabara zimefungwa. Papa Philippe alikuwa amekificha. Sophie akiimba, nikaingia ofisini kukiomba. Akakichoma mbele yangu. Akasema, 'Mutoto, ukienda, nani ataendesha mashine? Rudi kazini.' Akanipa mgongo."

"Nawe?"

"Nikafungua droo yake, nikatoa bastola, nikampiga." Clovis aligeukia kompyuta. "Halafu nikarudi kazini. Wimbo ulikuwa haujaisha."